Neema na Wanaoinung'unikia: Utangulizi

Vitabu vingi vikubwa kuhusu neema ya Mungu viliandikwa kumjibu mtu aliyekasirika, au viliandikwa na mwenye hasira. Paulo aliwaandikia Wagalatia bila kuficha ghadhabu yake. Augustino wa Hippo alishika kalamu kwa sababu watawa wa nyumba moja walikuwa wakigombana. Luther alimjibu Erasmus mwaka 1525 kwa kitabu kirefu kuliko kile alichokuwa anakijibu, na kikali zaidi. Ukiuondoa ugomvi, rafu ya neema katika maktaba ya chuo chochote cha theolojia ingebaki na vijitabu vichache vya kipaimara.

Jambo hili linahitaji maelezo, kwa kuwa neema ikitajwa juu juu haina cha kumuudhi mtu. Kuhusu kiini chake, Wakristo wa madhehebu karibu yote husema mamoja: ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili, wema usionunuliwa, unaomfikia kabla hajauomba na usiomwacha kama ulivyomkuta. Nani apinge? Tatizo ni kwamba neema haimhusu mpokeaji peke yake. Daima kuna mwingine pembeni anayetazama, anayejua historia ya huyo aliyebarikiwa, na aliyekuwa na hesabu zake. Mwanafunzi anayeingia uwanja huu kwa mara ya kwanza, iwe ni katekista, mwinjilisti, mseminari au muumini tu mwenye maswali, ninamkaribisha aingie kwa mlango wa huyo anayetazama. Wanaoinung'unikia neema mara nyingi wameiona vizuri kuliko wanaoisifu.

Mathayo 20 inatuletea kundi zima la wanung'unikaji. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wanapatana dinari moja kwa siku. Anarudi kijiweni saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama, akiwakuta wengine wangali wamesimama kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. (Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa: saa za mfano huu ni saa zetu, hazihitaji kugeuzwa.) Jioni wote wanalipwa dinari moja moja. Waliochomwa na jua mchana kutwa wanalalamika.

Wahubiri wengi hukimbilia kuwakemea watu hawa. Mimi naona tusiwe na haraka, maana hoja yao ni nzuri. Chama chochote cha wafanyakazi kingeisimamia. Tena tazama malipo yalivyopangwa. Mwenye shamba anamwagiza msimamizi aanze na walioajiriwa mwisho. Kama angeanza na wale wa alfajiri, wangepokea dinari yao, wakaenda zao nyumbani wameridhika, na mfano wote usingekuwa na ugomvi wowote. Ni yeye aliyetaka waone. Na ukirudi nyuma kidogo, mwishoni mwa sura ya 19, utamkuta Petro akiuliza wao walioacha kila kitu watapata nini. Mfano unamjibu yeye. Petro ndiye kibarua wa alfajiri.

Weka kando yake Yona, aliyekimbilia Tarshishi kwa sababu alimjua Mungu wake vizuri mno: alihofu kwamba Ninawi ingetubu na kusamehewa, na ndivyo ilivyokuwa. Weka pia kaka mkubwa wa Luka 15, aliyebaki nje akisikia ngoma za sherehe ya mdogo wake mpotevu. Hadithi zote tatu zinaishia mahali pamoja, na sidhani ni bahati mbaya ya waandishi. Kila moja inamwacha mwenye neema akizungumza na mnung'unikaji, bila jibu kuandikwa. Hatuambiwi kama kaka aliingia ndani. Hatujui Yona alisema nini baada ya kuulizwa kuhusu watu zaidi ya 120,000 wa mji ule na mifugo yao. Baba wa Luka 15, tukumbuke, alitoka nje mara mbili siku ile: kumkimbilia mdogo, na kumbembeleza mkubwa. Mnung'unikaji naye amefuatwa na neema, ila yeye haioni kwa kuwa haikuja kwa sura ya ndama aliyenona.

Ili kuona kwa nini mafundisho haya yaliwashtua wasikilizaji wa kwanza, yafaa kujua zawadi ilikuwa kitu gani katika ulimwengu wa Paulo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeishi zama moja naye, aliandika vitabu saba kuhusu kupeana fadhila, na sehemu kubwa ya ushauri wake ni kuchagua kwa makini mtu wa kumpa. Zawadi njema ilimwendea anayestahili, nayo ilifunga uhusiano. Aliyepokea alibaki na deni la shukrani. Sisi hatuhitaji mwalimu kutueleza hili. Jirani akikuletea chakula katika sahani yake, sahani hairudi tupu, na mtoto anayetumwa kuirudisha anajua hivyo.

John Barclay wa Chuo Kikuu cha Durham aliuchimba uwanja huu katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu Paulo na zawadi. Hoja yake kuu inaokoa muda mwingi wa mabishano. Anasema watu wanaweza kutumia neno neema kwa dhati kabisa huku kila mmoja akivuta upande wake. Mmoja anasisitiza wingi wake. Mwingine, kwamba inatangulia tendo lolote letu. Mwingine, kwamba inampata asiyestahili. Mwingine, kwamba ina nguvu ya kutimiza inachokusudia. Wapo wanaosema Mungu wa neema hana hukumu kabisa, na wapo wanaosema zawadi ya kweli haitarajii chochote kirudi. Kushika upande mmoja hakukulazimishi kushika mingine. Kwa Barclay, mkazo wa Paulo uko kwa mpokeaji asiyestahili; hakufundisha kamwe zawadi isiyotarajia itikio. Sahani ya Paulo nayo hairudi tupu, ingawa chakula cha kwanza hakikulipiwa.

Kabla sijaendelea, onyo moja. Kwa karne nyingi Wakristo walisimulia neema kwa kuwasingizia Wayahudi, kana kwamba dini yao ilikuwa duka la kununulia wokovu kwa matendo. E. P. Sanders aliibomoa picha hiyo mwaka 1977, akionyesha kutoka maandiko ya Wayahudi wenyewe kwamba kwao agano lilianza na uteule wa Mungu, na sheria ilikuwa namna ya kukaa ndani yake. Wataalamu wamemkosoa Sanders katika mengi, lakini hakuna anayestahili kusikilizwa anayerudi tena kule alikotutoa.

Sasa twende Afrika. Ninasema hivyo makusudi, kwa kuwa mafundisho ya neema ambayo Ukristo wa Magharibi ulirithi yaliundwa kwa kiasi kikubwa katika bara hili. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Souk Ahras, Algeria, akawa askofu wa Hippo, Annaba ya leo. Mwanzoni aliamini kwamba Mungu hutoa msaada, lakini hatua ya kwanza ya imani ni ya mtu mwenyewe. Karibu na mwaka 396, Simplicianus wa Milano alimuuliza kuhusu Yakobo na Esau katika Warumi 9: kwa nini mmoja alipendwa kabla hawajatenda jema wala baya? Augustino alilizungusha swali kila upande akitafuta nafasi ya kuweka stahili ya mtu, asiione. Uzeeni alikiri kwamba katika kujibu swali lile alikuwa amejitahidi kuutetea uhuru wa hiari ya binadamu, na neema ikashinda.

Aliyeudhika alikuwa Pelagius, mtu wa dini kutoka Uingereza aliyeishi Roma na kuheshimiwa sana kwa maisha yake safi. Historia imemfanya jina la uzushi, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulilaani mafundisho yake, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlezi wa kiroho aliyechoshwa na Wakristo wa mjini wanaojificha nyuma ya udhaifu wao. Aliposikia maneno ya Augustino yanayomwomba Mungu atoe kile anachoamuru, alikasirika: yaani nisubiri nipewe utii? Kwa Pelagius, neema tumekwisha kuipata. Mungu ametuumba na hiari, ametupa sheria, ametupa mfano wa Kristo na ondoleo la dhambi. Kilichobaki ni kufanya. Ukitumia kipimo cha Barclay utaona kwamba naye aliamini neema nyingi inayotangulia. Hakuamini tu kwamba binadamu amevunjika kiasi ambacho Augustino alikiona alipojitazama.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha miaka iliyofuata, Pelagius akiwa ameshashindwa. Mtawa mmoja aitwaye Florus, wa Hadrumetum (mji wa Sousse nchini Tunisia sasa), alikuwa safarini akakuta katika maktaba ya Uzalis barua ndefu ya Augustino kuhusu neema. Akainakili, akawapelekea wenzake. Nyumba ikalipuka. Wengine waliisoma wakasema basi, kama neema ndiyo inayofanya yote, hakuna hiari, na siku ya mwisho Mungu hatamhukumu mtu kwa matendo yake. Wengine walipinga. Abate Valentinus alishindwa kuwatuliza, na karibu na Pasaka ya mwaka 426 au 427, watawa wawili vijana, Cresconius na Felix, walifunga safari hadi Hippo kumuuliza mwandishi mwenyewe.

Augustino, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliwapokea, akawaweka kwake, akawasomea, akawaandikia kitabu kuhusu neema na hiari. Kitabu kilipofika, likazuka swali jingine ambalo kila mwalimu wa shule ya bweni angelitambua. Mtawa mmoja alitoa hoja: ikiwa utii ni zawadi ya Mungu, abate asinikemee nikikosa. Aniombee tu. Ni ujanja, na ni hoja ya kweli pia. Augustino alilazimika kuandika kitabu cha pili, kuhusu kukemea na neema, akisema kwamba karipio lenyewe linaweza kuwa njia ambayo Mungu anaitumia kumgusa mtu. Sijui kama yule mtawa aliridhika. Mimi jibu hilo linanitosha kwa maisha ya kila siku, halinitoshi kwa falsafa. Na kitabu hicho cha pili kina kurasa kuhusu walioteuliwa ambazo hadi leo nazisoma polepole.

Karne zilizofuata nitazipita haraka, maana zina vitabu vyao. Mtaguso wa pili wa Orange, mwaka 529, ulithibitisha kwamba hata mwanzo wa imani ni neema, ukakataa wazo kwamba Mungu amewaandikia watu uovu. Tomaso wa Akwino aliipanga neema kwa utulivu usio wa kawaida katika uwanja huu. Luther aliona kwamba Mungu humhesabia haki mwenye dhambi kwa imani, na Mtaguso wa Trento ukajibu mwaka 1547. Usidhani kwamba ugomvi ulikuwa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti tu: Wadominiko na Wajesuiti walibishana mbele ya Papa kuanzia 1598 hadi 1607 kuhusu jinsi neema na hiari zinavyokutana, na Paulo V akaifunga kesi bila kumpa mtu ushindi, akizikataza pande zote mbili kulaaniana. Kesi hiyo haijaamuliwa hadi sasa. Wakalvini nao waligawanyika huko Dordrecht mwaka 1618 na 1619, na John Wesley alikuja baadaye na neema inayomtangulia kila mtu, hata asiyejua. Kanisa la Mashariki halikuwa na kesi hizi. Kwa Gregory Palamas, neema ni Mungu mwenyewe akitenda, anayemshirikisha mtu uzima wake. Mwanafunzi aliyechoka na lugha ya mahakama apumzike huko.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakikubaliana juu ya kweli za msingi na kutangaza kwamba laana za karne ya 16 haziyagusi mafundisho yaliyoelezwa humo. Wamethodisti walijiunga 2006, Wareformati 2017.

Je, sisi tuko wapi? Watu wa Afrika Mashariki hawakuipokea neema kwa vitabu tu. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe wakaomba pamoja, na katika miaka iliyofuata ukaenea Uamsho uliofika Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake, walioitwa Walokole, waliungama dhambi hadharani na kuitana ndugu bila kujali kabila. Wengi walirudisha walichoiba. Hili la mwisho halijapewa uzito unaostahili katika vitabu vya theolojia, nami nitalirudia. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba aliyelelewa na mwamko huo, alichaguliwa mwaka 1977 jijini Dar es Salaam kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Mwaka huohuo Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, akaandika kitabu ambacho jina lake linatangaza upendo kwa Idi Amin.

Leo neno linalosikika zaidi ni baraka. Panda mbegu, utavuna. Toa sadaka ya kujimaliza, mlango utafunguka. Sitapoteza wino mwingi hapa. Mungu anayelipwa kwanza ndipo atoe hana tofauti na mlinzi wa geti anayetaka chai. Hata hivyo sikubaliani na wasomi wenzangu wanaozicheka shuhuda za ibada ya katikati ya wiki. Mama anayesimama kusema ada ya mwanawe ilipatikana siku ya mwisho, kutoka kwa mtu ambaye hakumtegemea, anasema jambo ambalo wahenga walilijua: riziki kama ajali, huitambui ijapo. Anakataa kuuita wema huo stahili yake, na hiyo ni theolojia safi. Ushuhuda huwa mgumu pale mtu anaposema Mungu alimtoa salama katika basi lililoua wengine. Yesu aliletewa habari za namna hiyo, akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Aliyeokoka ashukuru, bila kufanya kutoka kwake salama kuwa cheti.

Hapo ndipo tunapokutana na nung'uniko la aina nyingine, ambalo vitabu vya zamani vilichelewa kulisikia. Vibarua wa alfajiri hawakupoteza kitu, walipata walichoahidiwa. Vipi aliyepoteza? John Newton alinusurika dhoruba baharini mwaka 1748, tukio alilolihesabu kuwa mwanzo wa kuongoka kwake. Aliendelea na biashara ya watumwa, tena kama nahodha, hadi 1754. Wimbo wake wa neema ulitumika Olney siku ya kwanza ya mwaka 1773, na kijitabu chake cha kuilaani biashara ile kikatoka 1788. Ni miaka 40 tangu dhoruba. Waliokuwa chini, ndani ya meli zake, wangekuwa na la kusema kuhusu neema iliyomfikia nahodha.

Na Rwanda, nchi ya Gahini. Mwaka 1994 Pasaka ilikuwa tarehe 3 Aprili. Siku chache baadaye mauaji ya kimbari yakaanza, na watu waliokimbilia makanisani Nyamata na Ntarama waliuawa humo. Emmanuel Katongole, padri na mwanatheolojia wa Uganda, amelifanya tukio hilo kioo cha kulitazamia kanisa zima. Tangu hapo, kuzungumzia msamaha wa bure mbele ya mjane bila kwanza kumsikiliza ni ukatili unaovaa kanzu ya ibada. Biblia haimnyamazishi mtu wa aina hii. Damu ya Habili inalia, na Mungu anaisikia. Zakayo anatembelewa kabla hajaahidi chochote, hilo ni kweli. Lakini kabla meza haijaondolewa amekwisha kutaja nusu ya mali yake na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Walokole waliorudisha mbuzi na fedha za watu walilielewa hilo bila kupita chuo. Kazi kubwa inayowangoja wanafunzi wa kizazi hiki, kwa maoni yangu, ni kuandika theolojia ya neema ambayo aliyedhulumiwa anaweza kuisoma bila kudhulumiwa tena.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ushauri wangu ni huu. Usianze na makamusi ya neema, yenye orodha ya neema ya utakaso, neema ya msaada na nyinginezo, yatakusaidia baadaye. Anza na Yona kwa kikao kimoja, ni sura nne tu. Kisha Warumi yote. Kisha vitabu viwili vya Augustino kwa watawa wa Hadrumetum, ambavyo ni vifupi na vina mvutano wa watu halisi, ndipo umsome Pelagius mwenyewe katika barua yake kwa binti Demetrias, ili usimjue kwa mdomo wa adui tu. Ukifika Warumi 9 utakwama. Kila mtu hukwama. Usikae hapo wiki nzima. Endelea hadi mwisho wa sura ya 11, ambako hoja inamalizikia, halafu rudi uisome ya 9 upya.